Jina la Fundi Saa

Siku ya nne asubuhi, Inspekta aliamua kuacha kutafuta jina.

Alilitangaza hilo akiwa mlangoni pa chumba cha nyaraka, mkoba ungali begani, hata salamu hajatoa. Mtunza nyaraka alidhani mama wa watu amekata tamaa, akaanza kumpa pole. Alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, na jengo zima lilimwita Profesa kwa sababu alivaa miwani jozi mbili, moja machoni na nyingine utosini, na kila mara aliitafuta ile ya utosini. Inspekta alimwambia aiweke pole yake, itafaa siku nyingine. Leo walikuwa wanabadilisha swali tu.

Alikuwa amestaafu polisi miaka miwili, lakini cheo kilimganda kama gundi. Hata muuza magazeti alimwita Inspekta. Sasa alifanya kazi ya kutafuta watu: waliopotea, waliojificha, na wale ambao hawakujua kama wanatafutwa. Kazi hii ilikuwa ya aina nyingine kidogo. Aliyemtuma hakupotelewa na mtu. Alipotelewa na asili ya jina lake.

Alikuwa fundi saa, mzee wa miaka sitini na minane, mwenye duka jembamba kama ushoroba ambamo kuta zote mbili zilitikisika kwa saa. Jina la ukoo wake lilikuwa Kamaju. Katika orodha nzima ya wapiga kura walikuwemo akina Kamaju wawili tu: yeye na binti yake, ambaye ni nesi. Jina lilianzia kwa baba yake, ambaye naye alikuwa fundi saa, na nyuma yake palikuwa giza tupu.

Wiki moja kabla hajafa, baba huyo alimweleza mwanawe jambo ambalo hakuwahi kulitamka. Akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili aliomba kazi ya ukarani posta. Mtihani akaufaulu vizuri. Ofisa aliyemhoji akasoma jina lake mara mbili, akafunga faili. Alimwambia kwamba jina hilo halipo popote, ni la kubuni, na watu wanaobuni majina ni watu wanaokimbia kitu. Kijana alirudi nyumbani, akajifunza ufundi wa saa kwa kuzivunjavunja na kuziunga, na hakuomba tena kazi yoyote inayotaka kujaza fomu. Alikufa akiamini kwamba baba yake, mtu ambaye hata sura yake hakuikumbuka, alikuwa mhalifu.

"Nataka kujua lilitoka wapi," fundi saa alimwambia Inspekta siku alipomletea kazi. "Hata kama lilitoka pabaya."

Ushahidi wote aliokuwa nao ni kadi moja, aliyoihifadhi ndani ya kijaluba cha saa ya mfukoni. Ilikuwa ruhusa ya kutoka karantini, ya mwaka wa ndui, miaka tisini na miwili iliyopita. Ilisema kwamba mtoto wa kiume, umri takriban miaka minne, ukoo Kamaju, amepona na anaweza kuondoka. Chini yake kulikuwa na sahihi ya mpishi wa karantini. Mpishi huyo ndiye aliyemchukua mtoto na kumlea, maana hakuna mwingine aliyekuja kumdai.

Siku tatu za kwanza zilikuwa za kuzunguka. Inspekta alipekua vitabu vya simu, daftari za ardhi na mawe ya makaburi. Alimwendea mwalimu wa lugha mstaafu, ambaye alimpa maana tatu za Kamaju, kila moja ikipingana na mwenzake, na akazitetea zote kwa nguvu zilezile. Siku ya pili, katika kitabu cha zamani cha polisi cha watoro, alikuta kitu kilichomfanya avute kiti. Mwaka uleule wa karantini mfungwa mmoja aliyeandikwa Kamaji alitoroka gerezani, umbali wa siku mbili kwa miguu.

Alikuwa amemwahidi mzee hatamficha neno, kwa hiyo alimpigia simu. Mzee alisema neno moja tu: endelea. Inspekta aliendelea, na kesho yake alimfuatilia Kamaji hadi mwisho wa safari yake. Mtoro huyo alikamatwa baada ya siku tisa, ghalani kwa muuza mikate, amelala katikati ya magunia ya unga, mweupe kuanzia kope hadi visigino. Alirudishwa ndani, akatumikia miaka kumi na miwili, na karatasi zake zilieleza wazi kwamba hakuwa na mke wala mtoto. Inspekta alipompigia mzee mara ya pili kumpa habari hizo, mzee alicheka kicheko kirefu hivi kwamba saa za dukani zikagonga saa tano moja baada ya nyingine, zikamaliza, yeye bado anacheka.

Hata hivyo kucheka hakukuwaonyesha jina lilikotoka. Kitabu cha kupokelea watu wa karantini kilikuwepo hapa kwa Profesa, kikubwa kama mlango wa kabati, na Inspekta alikuwa amekisoma chote, safu ya majina ya ukoo, ukurasa kwa ukurasa. Kamaju hakuwemo.

"Sasa hilo swali jipya ni lipi?" Profesa aliuliza, akikiweka kitabu juu ya meza kwa mikono miwili.

"Mtoto aliingia mle. Hilo tunalijua, maana alitoka. Kwa hiyo ameandikwa, lakini si kwa jina hilo. Tumtafute kwa kitu kingine."

Alitoa kadi, akaigeuza. Nyuma, kwa wino uliopauka, kulikuwa na mstari ambao siku ya kwanza aliusoma kisha akaupuuza: *Alama: mguu wa kulia, kidole cha pili na cha tatu vimeungana.*

Kitabu cha kupokelea kilikuwa na safu ya alama za mwilini, ya mwisho kabisa kulia, imeandikwa herufi ndogo kama chawa. Waligawana kazi. Profesa alisoma kurasa za kushoto, Inspekta za kulia. Walipita makovu, mabaka, jicho lenye chongo, sikio lililotobolewa vibaya. Ilipokaribia saa nne, Inspekta alitia kidole kwenye karatasi na hakukiondoa.

Mstari wa kwanza kabisa wa ukurasa. Mvulana, miaka minne. Vidole viwili vya mguu wa kulia vimeungana. Safu ya maelezo: *Homa. Wodi ya watoto.* Kisha akatelezesha kidole taratibu kuelekea kushoto, hadi safu ya ukoo.

Palikuwa na maneno mawili, kwa mwandiko uleule wa haraka, na herufi ya mwisho imebanwa ukingoni mwa safu hata karibu imezwe na mstari wake. *Kama juu.*

Profesa alivua miwani ya machoni, akavaa ya utosini, akasoma tena. Halafu akaanza kutikisika mabega, na Inspekta alipomtazama aligundua kwamba anacheka bila sauti, kama mtu aliyezoea kukaa mahali pa kunyamaza.

Inspekta alirudi mwanzo wa kitabu ili aelewe tabia ya karani. Ilikuwa tabia ya kawaida ya makarani wote. Familia ilipoingia, mkuu wake aliandikwa ukoo wake kwa ukamilifu, na waliomfuata waliwekewa vistari viwili vidogo, kuonyesha kwamba ni uleule wa juu yake. Lakini ukurasa ulipojaa katikati ya familia, karani alipohamia ukurasa mpya hakukuwa na kitu juu cha kuelekezea vistari. Hapo ndipo alipoandika kwa maneno. Waliyakuta maneno hayo juu ya kurasa kumi na moja. Siku ya kwanza Inspekta aliyapita yote kumi na moja akidhani ni maelekezo ya karani, na kweli yalikuwa maelekezo ya karani.

"Na kadi?" Profesa aliuliza.

Inspekta aliilaza kadi kando ya kitabu. Mwandiko ulikuwa mwingine, wa duara, wa mtu mwangalifu. Tarehe ilikuwa miezi miwili baadaye. Karani wa kutolea watu hakuwa karani wa kupokelea. Alifungua kitabu, akamwona mtoto juu ya ukurasa, akanakili alichokiona kwenye safu ya ukoo, akayaunganisha maneno mawili kuwa moja, na ile herufi iliyobanwa ukingoni hakuiona.

"Basi hakubuni mtu," Profesa alisema.

"Hakubuni mtu. Nipe ukurasa wa nyuma yake, tumwone huyo wa juu."

Profesa hakufungua. Alikuna shingo na kueleza, kwa aibu kana kwamba kosa ni lake, kwamba kitabu hiki kiliwahi kuloweshwa na mvua iliyovujia darini, kikafumuliwa, kikaanikwa karatasi moja moja, kisha kikashonwa upya na mtu ambaye hakujali mpangilio. Karatasi hazikuwa na namba. Karatasi iliyotangulia ile ya mtoto sasa ilikuwa ya miezi mitano baadaye. Siku ile familia ya mtoto ilipoingia ziliingia familia nyingi, na kurasa za siku hiyo zilitapakaa kitabu kizima.

Inspekta alivuta kiti, akaketi. Aliuliza kama mdudu alikula kabla ya mvua au baada yake.

"Mdudu gani?"

Alimwonyesha. Karibu na kona ya chini ya karatasi ya mtoto kulikuwa na tundu, la ukubwa wa punje ya mtama, limechongoka upande mmoja. Profesa aliinama hadi pua ikakaribia kugusa karatasi. Alipoinuka macho yalikuwa yanang'aa, maana sasa walikuwa wameingia katika shamba lake. Mdudu wa karatasi, alieleza, hasafiri kwa kurukaruka. Anatoboa moja kwa moja, karatasi hadi karatasi, na njia yake hupanuka au hupungua kidogo kidogo. Ukingo wa tundu ulikuwa na doa la maji lililoingia ndani yake, kwa hiyo mdudu alitangulia, maji yakafuata. Wakati anakula, kitabu kilikuwa bado katika mpangilio wake wa asili.

Walipekua tena kuanzia mwanzo, safari hii wakitazama kona tu. Karatasi tisa zilikuwa na tundu mahali palepale. Profesa alizipima moja moja kwa rula ya chuma, akaandika vipimo kwenye kipande cha karatasi, akazipanga kuanzia tundu kubwa hadi dogo. Ile ya mtoto iliangukia ya sita. Ya tano ilikuwa mbali sana, karibu na jalada la mwisho.

Inspekta hakutaka kuridhika na mdudu peke yake. Mahakamani angeulizwa shahidi wa pili, na ingawa hapa hapakuwa na mahakama, mazoea yalikuwa mazoea. Aliitazama karatasi ya tano upande wake wa nyuma, ule ambao zamani ungetazamana uso kwa uso na ukurasa wa mtoto. Juu kabisa, katikati ya maandishi mengine, kulikuwa na kivuli cha wino, hafifu, kama alama ya kidole kwenye kioo. Alichukua kioo kidogo cha mkobani, kile cha kujitazamia uso, akakiegemeza pembeni ya kivuli.

Ndani ya kioo maneno yalisomeka yakiwa yamegeuka sawasawa: *kama juu.* Siku ile karani alifunga kitabu wino haujakauka.

"Huo ndio ukurasa," Profesa alinong'ona.

Walianzia chini. Mstari wa mwisho: msichana, miaka sita, vistari viwili. Juu yake mapacha, mvulana na mvulana, miaka tisa, vistari viwili na vistari viwili. Juu yao mvulana wa miaka kumi na mmoja. Msichana wa kumi na mitatu. Kila walipopanda mstari Profesa alihesabu kwa sauti, na kila mara sauti ilipanda kidogo. Juu ya watoto, mama yao, na kwenye safu ya maelezo: *mjamzito, miezi minne.* Juu ya mama, baba. Fundi wa mikokoteni. Ukoo umeandikwa kwa ukamilifu, herufi kubwa ya mwanzo imenakshiwa.

*Lundemba.*

Kwenye safu ya maelezo ya wote saba kulikuwa na neno moja na tarehe moja: *Wametolewa.* Mtoto wa minne alikuwa bado wodini kwa homa.

Inspekta alikaa akiutazama ukurasa, kisha akamwomba Profesa kitabu cha simu.

Akina Lundemba walikuwa kumi na mmoja. Wa kwanza alidhani anauziwa bima, akakata. Namba ya pili haikuwa ikifanya kazi. Wa tatu alikuwa mfamasia katika mji mwingine, safari ya saa tatu kwa gari, mwanamume mwenye sauti ya taratibu ambaye alisikika akifungasha vidonge huku akizungumza. Inspekta alijitambulisha. Hakutaja karantini, wala mtoto, wala Kamaju. Shahidi ukimlisha maneno anakurudishia yaleyale.

"Nina swali la ajabu kidogo, ndugu yangu, naomba usikate simu. Katika ukoo wenu, kuna alama yoyote ya mwilini ambayo watu huzaliwa nayo?"

Kufungasha kulikoma. Mfamasia aliuliza nani amemwambia habari za bata.

"Bata gani?"

"Si vile vidole. Ndivyo tunavyoviita nyumbani, vidole vya bata. Mguu wa kulia, viwili vya katikati vimeshikana. Marehemu baba alikuwa navyo, na pacha wake. Shangazi anavyo. Mimi vilinipita, binti yangu akavidaka."

Inspekta aliandika neno *bata* kwenye daftari lake, akalipigia mstari. Kisha akauliza swali la pili: kama kuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kupotea.

Simu ililazwa juu ya meza, nyayo zikaenda, mlango ukafunguliwa. Kwa mbali Inspekta alisikia sauti mbili, ya mfamasia ikieleza, na nyingine ya kike, kongwe na kali, ikimkatiza. Nyayo zikarudi polepole, pamoja na mlio wa fimbo sakafuni. Yule mwanamke hakusalimia wala hakuuliza ni nani amepotea.

"Umempata wapi?" alisema.

Alikuwa ndiye mimba ya miezi minne. Sasa ana miaka tisini na mmoja. Inspekta, ambaye alikuwa amehoji majambazi kwa miaka thelathini, alijikuta amesimama wima pembeni ya meza kama askari mbele ya mkuu wake, akieleza kila kitu kwa mpangilio. Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha naye akaeleza sehemu yake, bila kupoteza neno. Wazazi waliamriwa kuondoka na kundi lao, wakaahidiwa mtoto ataletwa akipona. Hakuletwa. Mama alikwenda karantini mara nne, mara ya mwisho akiwa na yeye mgongoni. Kila mara karani alifungua daftari la waliotoka, akatafuta Lundemba, hakumwona. Mama akaomba aonyeshwe kaburi. Karani akafungua daftari la waliokufa. Huko nako hakuwemo. Basi mama alirudi nyumbani akasema mwanawe hayupo kwa walio hai wala hayupo kwa waliokufa, na mpaka apatikane upande mmojawapo, asisikie mtu akimsomea dua ya maiti. Hawakumsomea.

Inspekta alimweleza bibi kwamba kaka yake aliishi hadi miaka sabini na mmoja, na kwamba ameacha mwana. Halafu bibi akauliza, kwa sauti iliyolegea kwa mara ya kwanza, huyo mwana anakula vizuri.

Alasiri ile Inspekta alikwenda dukani kwa fundi saa. Alimkuta na kioo cha kukuzia kimebana jichoni, saa ya mkononi iko wazi mbele yake, na binti yake nesi ameketi kwenye stuli, ametoka zamu. Inspekta alimwomba afunike ile saa kwanza. Kisha, bila kueleza sababu, alimwomba avue kiatu cha kulia.

Mzee alimtazama binti yake. Binti akainua mabega. Kiatu kikavuliwa, soksi ikafuata, na vidole viwili vya katikati vilikuwa vimeshikana hadi karibu na kucha, kama ndugu waliokataa kuachana. Binti alisema baba asijione peke yake, na yeye anavyo, ndiyo maana hajawahi kuvaa ndala za kubana kidole. Inspekta alicheka, akaketi, akawasimulia tangu mwanzo: kidole kwenye mstari wa kwanza, mdudu, kioo, mapacha, fundi wa mikokoteni.

Alipofika kwenye maneno mawili ya karani, mzee alimwomba ayarudie. Akayarudia. Mzee akaondoa kile kioo cha jichoni, akakiweka mezani kwa uangalifu.

"Yaani miaka yote hii naitwa 'kama juu'."

"Ndiyo, mzee."

"Na baba naye."

"Na yeye."

"Hakukimbia kitu."

"Alikuwa na homa," Inspekta alisema. "Alikuwa na miaka minne, ana homa. Basi."

Mzee aliinamisha kichwa, na binti akashuka kwenye stuli akamshika bega. Lakini alipoinua uso alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka kwa pamoja, na hakufanya juhudi ya kuficha chochote kati ya hivyo viwili. Alisema kuna ofisa mmoja wa posta angependa kumwandikia barua, ila kwa hesabu yake mtu huyo angekuwa na miaka mia moja na ishirini.

Walisafiri Jumamosi, binti akiendesha, Inspekta nyuma. Mfamasia alikuwa amesema watakuwa watu wachache tu. Walipokata kona waliona magari yamejaa pande zote mbili za barabara, na watu ukumbini, barazani, wengine wamekaa juu ya ukuta. Inspekta alihesabu hadi arobaini na sita, akaacha. Mzee alitulia ndani ya gari mlango ukiwa wazi, mguu mmoja nje, hadi mfamasia alipokuja, akamshika mkono, akamwita kaka.

Bibi aliketi kwenye kiti cha mikono mwisho wa sebule, na watu walijigawa wenyewe kuacha njia. Alimtazama mzee akija. Hakulia wala hakunyoosha mikono. Alimwamuru apige magoti pale mbele ili amwone vizuri, maana macho yake siku hizi hayaendi mbali. Mzee wa miaka sitini na minane akapiga magoti. Bibi alimshika kidevu, akamgeuza uso kushoto, kisha kulia, kama anayekagua bidhaa aliyoagiza zamani.

"Sikio ni la baba yetu," alitoa hukumu. "Pua sijui umeitoa wapi."

"Kwa mama, shangazi."

"Hewala. Haijakuharibu."

Watu wakacheka, na hapo ndipo mikono ya bibi ilipomzunguka, na haikumwachia kwa muda mrefu.

Baadaye, watu walipokwisha kutambulishana na kusahauliana majina, binti aliuliza jambo ambalo lilimsumbua njia nzima. Alitaka kujua waandikwe nani sasa. Waendelee na Kamaju, ambalo ni kosa la karani, au waende mahakamani wabadilishe wawe Lundemba kama wenzao? Baadhi ya vijana walisema wabadilishe, wengine wakasema jina adimu kama lile ni hasara kulitupa. Mabishano yakaanza kupamba moto. Bibi aligonga fimbo sakafuni.

"Karani aliandika nini pale?" alimwuliza Inspekta.

"Kama juu."

"Na juu paliandikwa nini?"

"Lundemba."

"Sasa wabadilishe nini?" bibi alisema. "Kila siku walipokuwa wakiandika jina lao walikuwa wanaandika letu."

Mfamasia alijifanya anasafisha miwani.

Inspekta aliona kazi yake imekwisha. Alifunga daftari, akasogea kuelekea mlangoni ili awaachie watu mambo yao. Nyuma yake alimsikia bibi akimwambia mzee avute stuli aketi karibu, upande wa sikio lake zima. Alisema yeye katika maisha yake yote hajawahi kumwona kaka yake huyo. Alizaliwa nyumba imeshajaa habari zake, akakua akimwonea wivu mtoto asiyekuwepo. Anataka kuambiwa alikuwa mtu wa namna gani, kuanzia mwanzo, na asirukiwe kitu.

Mzee hakuwa msemaji. Maisha yake yote alikaa na vitu vinavyojisemea vyenyewe. Alifikiri, akajikuna kisogo.

"Alikuwa anaimba akifanya kazi," alisema. "Anaimba vibaya sana, shangazi. Majirani walikuwa wanafunga madirisha."

Bibi aliegemea nyuma ya kiti, akacheka hadi fimbo ikamponyoka na kuanguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Endelea," alisema.